Maswali Tisa Mbele ya Mkwe

Kuna swali moja ambalo nimeliuliza mara nyingi kuliko nilivyowahi kumuuliza mume wangu kama ameamka salama. Linasema: "Katika wiki mbili zilizopita, umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyafurahia?" Nimewauliza wenye kifafa, waliopooza upande mmoja, wanaotetemeka mikono. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu hapa Machakos. Kila Alhamisi huketi katika chumba chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari, nikitafuta sonona ndani ya watu ambao tayari wana ugonjwa mwingine. Sonona ni jina la vitabuni. Wagonjwa wangu huiita stress, au mawazo, na wengi hawaipi jina lolote.

Watu hudhani kazi hii ni rahisi. Unauliza maswali tisa, unajumlisha majibu, unaandika. Ndugu yangu mmoja aliwahi kuniambia kwamba nalipwa kwa kupiga soga, nikamnunia wiki nzima. Ukweli ni kwamba fomu yenyewe inamfaa zaidi mtu ambaye mwili wake hauna neno. Inauliza kama hulali vizuri, kama huna hamu ya chakula, kama unachoka upesi, kama umekuwa mzito wa kusema na kutembea. Sasa mwulize hayo mtu mwenye ule ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mikono na kukaza viungo. Atajibu ndiyo kwa yote, hata kama moyoni hana shida. Halali kwa sababu viungo vinamkaza kitandani. Hali kwa sababu kumeza kunamchosha. Hata kucheka hacheki, kwa kuwa misuli ya uso nayo imekaza, na ukimwangalia utadhani amekukasirikia.

Kwa hiyo nilifundishwa, nami nikawafundisha wengine kwa madaha, kwamba kwa wagonjwa wa aina hii usiyategemee sana majibu ya mwili. Sikiliza majibu ya moyo: huzuni, kukata tamaa, kujiona mzigo, kutamani usingekuwepo. Ni ushauri mzuri na bado nautoa. Lakini nilimkosea mtu huku nikiufuata neno kwa neno.

Lazima niseme kidogo juu yangu ili kosa lenyewe lieleweke. Babu yangu alipanda kutoka pwani kuja kuuza nguo, akaoa hapa, akazikwa hapa. Sisi ni Waislamu wa mjini, watoto wa karibu na soko, na Kiswahili ndiyo lugha tuliyonyonya. Kikamba ninacho, ila ni Kikamba cha sokoni. Naweza kugombania bei ya maembe mpaka muuzaji acheke aniongezee moja. Siwezi kumuuliza mtu kwa Kikamba kama anatamani kufa. Na kwa kuwa nimeishi na Wakamba maisha yangu yote, nikacheza nao, nikasoma nao, nikala muthokoi kwao, nilijiona nawajua. Ukinigusa hapo nilikuwa mkali.

Huyo mama aliletwa mara ya kwanza mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekatika. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu kutoka Ndithini, na ugonjwa wa kutetemeka ulikuwa umemkalia miaka minne. Binti yake wa pekee alikuwa amemhamishia kwake Katelembo ili awe karibu na hospitali. Binti anafanya kazi kiwandani Athi River na siku hiyo hakupata ruhusa, kwa hiyo aliyemleta alikuwa mume wa binti, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye duka la chakula cha mifugo na pikapu kuukuu.

Hawakuingia pamoja. Mwanamume alisimama mlangoni na kofia mkononi, na mama akashikwa mkono na mama anayefanya usafi kliniki kwetu, Mkamba wa Kithyoko, ambaye hushika wagonjwa wote mkono ingawa si kazi yake. Nilipoona mkwe anarudi nyuma, nikamwita. Fomu yetu ina sehemu ya mlezi, na mlezi nilitaka awepo.

"Ingia, ingia," nikamwambia. "Kaa hapa karibu na mama. Haumi."

Hakucheka. Aliingia akaketi kwenye ukingo wa kiti, akageuzia uso dirishani. Mama naye akavuta leso yake juu ya kichwa hadi ikamfunika nusu ya shavu, akaangalia ukuta. Niliyaona hayo yote kwa macho yangu mawili. Nikasema moyoni: mwanamume baridi huyu, na mama mkali huyu, kazi ninayo leo. Nilipogundua kwamba Kiswahili cha mama ni kidogo na sauti yake imefifia kwa ugonjwa, nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu hunifanya nifumbe macho. Nilimwambia mkwe atafsiri.

Akatafsiri. Aliuliza akiwa ameinamia sakafu, mama akajibu akiwa ameinamia leso. Je, amekuwa na huzuni? Hakuna. Amepoteza tumaini? Hakuna. Analia? Mwanamume akakohoa kwanza, kisha akauliza, kisha akasema, "Amesema hapana." Nikafika kwenye lile la kujiona umewaangusha watu wako, nami huliuliza kwa lugha ya nyumbani: "Anajiona kuwa mzigo kwenu?" Hapo aliigeuza kofia mikononi mara kadhaa. Mwishowe akatamka maneno machache mno, mama akajibu kwa neno moja.

"Amesema hapana."

"Na lile la kutamani asingekuwepo?"

"Hapana pia, sista."

Basi nikapiga hesabu zangu. Halali, hali, anachoka, amekuwa mzito: majibu ya mwili, hayo ni ugonjwa wa mishipa, weka kando. Majibu ya moyo: hapana, hapana, hapana. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: hana sonona. Daktari akasoma, akasema basi ugonjwa umesonga mbele, akaongeza dozi. Nilikunywa chai yangu nikijipongeza.

Walirudi baada ya wiki sita. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imeshika na milima haikuonekana kwa ukungu. Mama alikuwa amekwisha. Leso iliyokuwa ikimzunguka mara moja sasa ilimzunguka karibu mara mbili. Alitembea kwa vihatua vya kuburuza, na mkono ulitetemeka hadi bangili ikawa inagonga kiti. Kwa dozi ile alipaswa kuwa afadhali, na daktari alikunja uso akasema huenda tukaongeza tena, au tukakubali kwamba hapa ndipo dawa zinapoishia. Alikuwa kijana mwema na alisema kwa huzuni. Mimi nikachukua fomu mpya, nikamwambia mkwe aingie.

Mama wa usafi alikuwa ananiondolea pipa la taka. Aliliweka chini, akafunga mlango mkwe akiwa bado nje, akasimama mbele ya meza yangu na glavu zake za mpira.

"Sista, niko na swali. Hii form yako, hii mama utaiuliza tena mbele ya huyo mwanaume?"

"Ndiye mlezi wake."

"Ni mkwe wake."

"Najua ni mkwe wake."

"Hapana, hujui," akasema. "Wewe umeweka mtu na mama mkwe wake kwa chumba moja, ukawakalisha karibu, ukamwambia amuulize kama analianga. Hata mimi nilisikia huko nje nikaona aibu. Sista, wewe ni wa hapa kweli?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini uso ulianza kunichoma, kwa sababu neno lenyewe nilikuwa nalijua tangu utotoni. Wakamba wana nthoni. Ni haya na heshima kwa pamoja, na zaidi ya yote ni umbali ambao mtu na mama mkwe wake huwekeana maisha yao yote. Hawakai karibu. Hawali wakitazamana. Mama mkwe akimwona anakuja njiani, ataacha njia. Vijana wengi wa mjini siku hizi wamelegeza, lakini mama wa Ndithini mwenye miaka sabini angelegeza nini? Nilijua nthoni kama hadithi ya kuchekesha kwenye harusi za rafiki zangu. Sikuijua kama kitu kinachoweza kuketi kwenye kiti cha kliniki yangu na kujibu hapana kwa niaba ya mgonjwa.

Nilimwacha mkwe nje. Nikamuuliza mama, kwa Kiswahili cha polepole, kama angependa huyu mwenzake wa Kithyoko akae naye amsaidie maneno. Hakutikisa kichwa. Aliinua ule mkono unaotetemeka akaushika mkono wa mwenzake, glavu na yote. Nikamwonya mama wa usafi kwamba yatakayosemwa humu hayatoki. Akanijibu kwamba amefagia hospitali hii miaka mingi na anayoyajua yangenikosesha usingizi.

Safari hii sikuanza na fomu. Niliuliza anakula wapi.

Maneno yalitoka taratibu, sauti ikiwa ya chini kiasi kwamba mama wa usafi alilazimika kuinama hadi vichwa vyao vikagusana. Kule Ndithini alikuwa na nyumba yake na shamba la matuta aliyoyachimba na wenzake wa mwethya, kikundi cha wanawake kinachohama shamba hadi shamba. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaanzishia nyimbo. Sasa sauti hakuna, na jembe halishikiki. Binti alimchukua kwa mapenzi, hilo alilirudia mara mbili ili nisimlaumu. Lakini analala chini ya paa la mkwe wake, jambo ambalo mama yake mzazi hakulifanya wala hakuliota. Anakula akiwa amejifungia chumbani. Chakula kinaanguka, na mjukuu huja kuokota. Mwanzoni alikuwa akimsikia mkwe akila sebuleni na wanawe, wakicheka. Kisha kicheko kikaisha. Mkwe akaacha kula nyumbani kabisa. Kila jioni anaisikia pikapu ikiingia, na mwenye pikapu haingii ndani. Anakaa huko huko nje mpaka vyombo vioshwe.

"Anasema amemfukuza mtu kwa meza yake," mama wa usafi akatafsiri, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imebadilika. "Anasema huyo kijana ni mtu mzuri, hawezi sema kitu. Lakini anamchukia vile anakula, vile mate inatoka. Na ako na haki."

Nikauliza la kuwa mzigo. Ndiyo. Kila siku? Kila siku. Nikauliza la kulia. Ndiyo, lakini chini ya blanketi. Nikauliza la mwisho, lile gumu, na nililiuliza nikiwa nimeweka kalamu chini.

 Mama alianza kuhangaika na pindo la leso yake pale alipokuwa amefunga fundo. Vidole vilikataa. Hatukumsaidia, sijui kwa nini, labda sote wawili tulielewa kwamba fundo lile ni lake. Lilipofunguka, tembe zikamwagika mezani kwangu, tembe zetu, za manjano, nyingine zimepondeka kwa kubebwa. Zilikuwa za wiki kadhaa. Binti humwachia asubuhi na chupa ya chai kabla ya kwenda kazini, na yeye huzifunga kwenye leso. Hakuzitupa kwa sababu kutupa kitu ulicholetewa na mtoto wako ni kumtusi. Hakuzimeza kwa sababu hakuona haja ya kuuchelewesha mwili.

"Anasema si kujiua. Ni kuacha tu njia ifike."

Nililia. Muuguzi hafai kulia mbele ya mgonjwa, nimewakaripia wanafunzi kwa hilo, na nililia. Dozi tuliyoiongeza, na ambayo tulitaka kuiongeza tena, yote ilikuwa kwenye leso. Nilikuwa nimeandika kwa mwandiko mzuri kwamba mtu huyu hana sonona.

Kisha nikakasirika, kama kawaida yangu, na hasira ikatafuta mahali pa kutua. Ikatua kwa mkwe. Niliwaacha wale wawili wameshikana mikono nikatoka hadi maegesho nikiwa na maneno yamejaa mdomoni. Mtu anamkimbia mzee mgonjwa kwa sababu anamwaga chakula! Nilimkuta ndani ya pikapu, vioo vimefungwa kwa baridi, amejikunja nyuma ya usukani na kopo la plastiki mapajani. Anakula githeri. Saa nne na nusu asubuhi.

Aliposhusha kioo, alificha kopo kama mtoto aliyekutwa na sukari. Nikamuuliza kwa nini hali nyumbani kwake.

Alitazama usukani. "Sista, mimi nikiwa kwa nyumba, mama hawezi kula. Akisikia sauti yangu anaweka kijiko chini. Mke wangu aliniambia chakula inarudi vile ilienda. Sasa nikaona afadhali nitoke. Mke ananiwekea kwa kopo, nakulanga hapa kwa gari. Nilidhani nikitoka atakula."

"Na leo?"

"Leo tumetoka pamoja asubuhi. Ningekunywaje chai na yeye amekaa hapo?" Akafunika kopo. "Na nikuambie ukweli, sista. Siku ile ulisema nimuulize kama yeye ni mzigo, hiyo swali sikuuliza. Singeweza. Nilimuuliza kama anasikia baridi."

Na mama alikuwa amejibu hapana. Nikaandika hapana.

Nilisimama pale na baridi ikinipenya sweta. Watu wawili walikuwa wakistahiana kwa nguvu zao zote, mmoja anashinda na njaa chumbani na mwingine anakula kwenye gari, na kila mmoja akiamini amemkera mwenziwe. Na kwa nthoni ile ile, hakuna aliyeweza kumwambia mwenziwe. Nilimwambia kuhusu tembe, kwa kuwa mama alikuwa ameniruhusu nimweleze binti na mumewe hilo tu. Alishika usukani kwa mikono yote miwili na gari limezimwa.

Sasa, ili usikae na wasiwasi, nikuambie yalivyokuwa baadaye. Daktari alipunguza dozi badala ya kuiongeza, na mama akaanza kumeza tembe mbele ya binti yake. Alipewa pia dawa ya sonona, kwa sababu sonona ilikuwepo kweli. Nasisitiza hilo kwa wanaopenda kusema kwamba ilikuwa mila tu. Ugonjwa wa mishipa ulikuwepo, huzuni ilikuwepo, nthoni ilikuwepo, na kila moja ilikuwa imejificha nyuma ya nyingine. Mkwe alimjengea chumba cha mabati pembeni ya kiwanja, chenye mlango wake na jiko lake, na wenzake wa mwethya wakaja kutoka Ndithini kukaa naye kwa zamu. Ilichukua miezi mingi. Kutetemeka hakujaisha na hakutaisha. Uso wake bado hausogei. Lakini siku moja aliniambia kwamba wenzake walimwimbia na akawakosoa, wameanza wimbo juu mno, nami nikaandika hilo kwenye fomu ingawa hakuna mahali pake.

Mimi nami nimebadili utaratibu. Mlezi huingia mwisho. Kabla ya maswali tisa nauliza nani analala wapi na nani anakula na nani. Mama wa usafi ameshapelekwa mafunzo ya ukalimani na hospitali inamtambua, naye hunikumbusha jambo hilo zaidi ya inavyohitajika.

Lakini nimeruka kitu. Asubuhi ile, kutoka maegesho, nilirudi chumbani. Nikaketi mbele ya mama, nikamweleza nilichokikuta: kopo, githeri, vioo vilivyofungwa. Kwamba mkwe wake hakukimbia mate wala kijiko. Kwamba alitoka mezani ili yeye ale. Mama wa usafi alitafsiri neno baada ya neno.

Uso wa mama haukubadilika. Kama ningekuwa na fomu tu, ningeandika kwamba hakuonyesha hisia yoyote. Machozi yalitoka kwenye uso ule uliokaza, yakateremka taratibu hadi kidevuni, na hakuna msuli uliosogea kuyapisha.

Kisha akanivuta sweta kwa mkono wake unaotetemeka. Nikainama. Hakupitia kwa mkalimani. Alinisemesha mwenyewe, kwa Kiswahili chake kidogo, akijikaza ili sauti itoke.

"Mwambie hiyo gari iko na baridi," akasema. "Akule kwa nyumba."

Nikatoka tena, nikaenda kumwambia.